Sauti Isiyo ya Ndege

Siku Fundi alipogonga geti, Chiriku alikuwa ameinamia kompyuta ya kaka yake, anasoma maandishi mekundu yale yale kwa mara ya ishirini, na moyo wake haukumwambia kitu. Baadaye alishangaa mwenyewe. Wiki tano alikuwa akimsikia mtu yule katika kila hodi, katika kila pikipiki iliyopunguza mwendo mtaani. Siku aliyokuja kweli, alidhani ni msoma mita za maji.

"Nani?" Shangazi aliuliza, jicho moja kwenye tundu la geti.

"Fundi kutoka chuoni, mama. Profesa amenituma. Nimeambiwa kuna kompyuta inasumbua."

Chiriku alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akajitazama kwenye kioo cha televisheni iliyozimwa: kichwa kimefungwa kitambaa cha jana, mwilini shati la Kaka lililopauka, macho ya mtu asiyelala usiku. Akakaa tena.

Alisikia kufuli likifunguliwa, geti likilia, hatua mbili tatu, kisha kufuli likifungwa tena nyuma ya mgeni.

Geti lile lilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja alitembea nao Kaka, wa pili Shangazi aliufunga kwenye ncha ya mtandio wake. "Wezi wamezidi," Kaka alisema siku alipolinunua kufuli hilo. Chiriku hakuwahi kuomba ufunguo. Maadamu hakuomba, aliweza kujiambia kwamba angeomba angepewa.

"Pita, mwanangu. Viatu acha hapo," Shangazi alisema. "Kompyuta ile pale, na mwenyewe yule."

Fundi aliingia na begi lake begani na soksi iliyotoboka kidole gumba. Alikuwa amekonda. Ndevu alizokuwa akizinyoa kila Jumatatu zilikuwa zimeachwa zijiotee zenyewe. Alimtazama Chiriku mara moja tu, haraka, kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto, halafu akayashusha macho kwenye zulia.

"Habari za hapa, dada."

"Nzuri. Karibu."

Walipeana mkono kama watu wasiojuana. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Kilikawia kidogo kupita adabu, na Shangazi akakohoa.

Jina la Chiriku alipewa na Baba akiwa na miaka minne, kwa kuwa kama ndege huyo hakuwa akinyamaza, hata usingizini alisimulia. Alipokua akaenda chuoni kusomea ndege, watu wakasema jina limemvuta. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kilichobaki kati yake na shahada ya udaktari ni sura moja ya mwisho: jinsi ndege wa mjini wanavyopandisha sauti ili wasizidiwe na injini za magari. Sura hiyo ilitakiwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

Lakini ndani ya nyumba ile mambo ya ndege yalikuwa ya mwisho kabisa. Miezi minne iliyopita Baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Mama alishatangulia siku nyingi. Chiriku akarudi nyumbani kumuuguza, akachukua zamu ya usiku, Kaka akachukua ya alfajiri kabla ya kwenda shuleni anakofundisha, na Shangazi, dada yake Baba, akahamia na begi moja kushika mchana. Wote watatu walimpenda mgonjwa wao. Hilo ndilo lililofanya pawe pagumu kutoka.

Kisha, wiki tano zilizopita, Kaka akaiona simu ya Chiriku mezani ikiwaka na kuzima, ujumbe juu ya ujumbe, kutoka kwa mtu aliyeandikwa "Fundi". Hakupiga kelele. Aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mfukoni.

"Mtu wa bisibisi," alisema. "Mtu ambaye kazi yake ni kufungua mashine za watu, atashindwa kufungua nyumba za watu? Tena anataka kwenda mbali, na wewe unamwambia mtazungumza. Mzungumze nini? Baba ameshasema. Anataka uolewe na Mkandarasi, ubaki hapa karibu, akuone mpaka siku yake."

Mkandarasi alikaa mtaa wa pili. Baba yake na Baba walikuwa marafiki tangu ujana. Usiku ule wa kiharusi, gari lilipokataa kuwaka, Mkandarasi ndiye aliyembeba Baba mgongoni mpaka barabara kubwa. Mtu mwema, mpole, anayecheka utani wake mwenyewe dakika nzima baada ya kuusema. Chiriku hakuwa na neno baya la kusema juu yake. Alijaribu kulitafuta, akakosa, na kukosa huko kulimchosha kuliko kama angekuwa jambazi.

"Umeanza lini kusumbuka nayo?" Fundi aliuliza. Alikuwa amevuta kiti karibu na chake. Mkono wa shati lake uligusa wa kwake, ukaondoka, ukarudi.

"Siku nne. Kompyuta yangu ilikunywa chai ikafa. Hii ni ya Kaka, ya Windows, ya shule. Programu ya kuchambua sauti ninaipakua, inaanza vizuri, halafu inajaza kioo maandishi mekundu."

Fundi alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika maneno mawili, akatikisa kichwa. "Ndiyo hii. Programu yako imeandikwa kwa Python. Humu Python imo, lakini ni ya zamani sana. Sasa, programu yako inategemea vifurushi vingine kumi na kitu. Kwa Python mpya vifurushi hivyo vinakuja vimeshapikwa. Kwa hii ya zamani havipo tena, kwa hiyo kompyuta inataka kuvipika yenyewe, na jiko haina."

Shangazi, aliyekuwa ameketi mkao wa mlinzi kwenye kochi, sinia la mchele mapajani akiuchambua, aliinua uso. "Paitoni si chatu huyo?"

"Ndiye, mama. Jina ni lile lile."

"Na huyu mtoto anasomea ndege."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mleteni chatu. Ndege wakiliwa msiniite."

Chiriku alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikavu, kama bomba lililofungwa siku nyingi. Fundi aligeuka kumtazama, na safari hii akasahau kuyashusha macho.

"Mwanangu," Shangazi alisema taratibu, "kompyuta iko mbele yako."

Alirudi kazini. Akapakua Python mpya kwa mtandao wa simu yake, akaibofya ijisakinishe. Kioo kikafifia, kisanduku kikajitokeza katikati: andika nenosiri la msimamizi. Juu yake jina la mwenye mamlaka: Mwalimu.

"Nenosiri analo nani?"

"Kaka."

"Mpigie."

"Yuko darasani. Na hata angekuwa hapa." Chiriku aliimalizia sentensi hiyo kwa kuinua bega.

Fundi alikifunga kisanduku, akajikuna ndevu. "Basi tusiupite mlango huo. Si lazima iwekwe kwa kompyuta nzima. Unaondoa alama hapa, unaiweka ndani ya akaunti yako wewe, kwa ajili yako tu. Hapo haiulizi ruhusa ya mtu."

"Kumbe inawezekana?"

"Inawezekana siku zote. Kisanduku kidogo tu hiki. Watu hawakioni, wanabofya haraka."

Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Saa ya ukutani ikafika saa nne, na Shangazi akaweka sinia chini, akashika kiuno, akanyanyuka. Saa nne ilikuwa dawa ya Baba. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mlango uko wazi," alisema. "Na masikio yangu pia."

Walisubiri mpaka kandambili zake zilipofika barazani.

"Wiki tano," Fundi alisema, macho kwenye mstari wa kijani. "Hata salamu."

"Simu yangu iko kwenye kabati la Kaka."

"Barua pepe je?"

"Na kompyuta ilikuwa imekufa. Hii nimepewa Jumamosi, na barua kwa Profesa aliisoma yeye kwanza ndipo ikaenda."

"Ile uliyoandika, 'naomba fundi anayejua'?"

"Nilijua Profesa ataelewa."

"Aliniita ofisini akaniuliza, 'Wewe ndiye fundi anayejua?' Nikamwambia ndiyo kabla sijauliza ninajua nini." Alitabasamu, tabasamu likakatika. "Nilidhani umeniacha, Chiriku. Nilipita hapa mara tatu. Nililisoma geti lenu mpaka nikajua lina misumari mingapi."

"Usiniite hivyo. Nitalia, na Shangazi ana pua ya machozi."

"Nikuite nani?"

Chiriku alikaza kitambaa kichwani. Nje, mtu alikuwa akipiga zulia kwa fimbo, puu, puu, na kila pigo lilionekana kumpata yeye.

"Jumapili wanakuja," alisema.

"Kina nani?"

"Watu wa Mkandarasi. Kupanga siku."

Kidole cha Fundi kilisimama juu ya kibodi. "Na wewe utafanyaje?"

"Nitavaa vizuri. Nitabeba sinia la soda."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Unataka nipande ukuta?"

"Nataka useme!" Alishusha sauti. "Mimi naondoka Jumamosi. Ile kazi wamenipa. Safari ya siku nzima, na sijui nitarudi lini. Nilikuja hapa nikiwa na maneno mengi nimeyapanga. Sasa ninalo moja. Njoo."

Chiriku aliutazama mlango wa barazani. "Na Baba?"

"Ana kaka yako. Ana shangazi yako."

"Usiku ana mimi. Anayemgeuza asioze mgongo ni mimi. Anayejua akikohoa hivi anataka maji na akikohoa vile anataka mto ni mimi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nibaki, niolewe hapa hapa."

"Alikwambia wewe?"

"Alimwambia Kaka."

"Nimeuliza alikwambia wewe."

"Baba hasemi! Ulimi humfunguka kidogo alfajiri, Kaka akimnyoosha viungo uani, na saa hiyo mimi ndiyo kwanza nimelala. Mchana amechoka, hatoi neno. Kaka ndiye anayemwelewa."

"Hujawahi kumuuliza?"

"Nikikaa mbele yake analia. Utamuuliza nini mtu anayelia?"

"Utamuuliza analilia nini."

Lilikuwa swali jepesi, ndiyo maana lilimchoma. Aligeuka, macho yamejaa. "Wewe umekuja kuweka programu au umekuja kunihukumu?"

"Nimekuja kwa sababu nakupenda," Fundi alisema. "Programu imenifungulia geti tu."

Kandambili zikarudi. Walipoinua vichwa, Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe kitupu cha dawa. Aliketi, akachukua sinia lake, akaendelea kuchambua. Chiriku aliona kwamba alikuwa akitupa mchele na kubakiza mawe.

Kuanzia hapo walizungumza lugha ya kazi. Fundi alitengeneza folda mpya ndani ya akaunti ya Chiriku, akaanzisha humo mazingira ya pekee kwa programu yake, vifurushi vyake visichanganyikane na ile Python ya zamani. Kisha akaandika amri ya kusakinisha, akamwambia Chiriku abonyeze mwenyewe.

"Mimi?"

"Nikiondoka utafanya na nani?"

Alibonyeza. Maandishi yalianza kushuka, jina baada ya jina, na Chiriku aliyangoja mekundu kama mtu anayengoja kofi. Hayakuja. Kifurushi cha hesabu, kikaingia. Cha kuchora, kikaingia. Cha sauti kilisita muda mrefu, wote watatu wakakikodolea macho, hata Shangazi, kikaingia. Mstari wa mwisho ukasema yote yamesakinishwa salama.

"Ni hivyo tu?" Chiriku alisema. Siku nne za kulia chooni, na ni hivyo tu.

"Tujaribu. Una rekodi?"

Alikuwa nazo thelathini na nne. Kwa kuwa hakuweza kwenda kwenye vituo vyake vya utafiti, alikuwa ameifunga mashine yake ndogo ya kurekodi kwenye dirisha la nyuma, inajiwasha yenyewe saa kumi na mbili alfajiri na kujizima saa moja. Ndege wa ua mmoja tu. Utafiti wa mtu aliyefungiwa. Profesa alikubali.

Alichagua rekodi ya jana. Programu ikaisaga kwa dakika mbili, kisha ikaichora: saa nzima imekatwa vipande vipande, kila kipande na jina lake pembeni. Shorewanda. Shomoro. Shorewanda. Njiwa. Chiriku alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, na kwa muda mfupi alikuwa yule wa zamani. "Ona huyu anavyopanda gari linapopita! Ona! Amepanda juu ya muungurumo kabisa. Hii ndiyo sura yangu ya mwisho, unaiona? Hii hapa!"

"Naiona," Fundi alisema, akimtazama yeye.

"Na hapa?" Shangazi aliuliza. Alikuwa amesogea nyuma yao bila wao kujua. Kidole chake kilionyesha kipande kirefu kilichoandikwa: si ndege. "Hapa pameandikwaje?"

"Kelele tu, mama," Fundi alisema. "Gari."

Chiriku alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa amesoma michoro ya sauti miaka sita. Gari huchora utepe ulionyooka. Huu ulipanda na kushuka, ukakatika, ukaanza tena. "Si gari," alisema. "Huyo ni mtu."

Akabofya.

Shorewanda kwanza, kwa mbali. Halafu sauti ya Kaka, karibu kabisa na dirisha, ya mtu anayeinua kitu kizito. "Haya Baba. Mguu. Moja. Mbili. Vizuri."

Pumzi. Kisha sauti nyingine, nzito, inayoburutwa kama kiti sakafuni.

"M-toto."

"Mtoto yupi, Baba?"

"Chi. Ri. Ku."

"Amelala. Alikesha na wewe. Haya, moja."

"Mwa-che."

Shomoro wawili waligombana.

"Tumeshalizungumza hilo, Baba."

"Mwa-che. A-cha. Gue."

Gari lilipita barabarani. Halafu Kaka, polepole: "Mguu wa kushoto sasa. Moja. Mbili."

Mchele ulimwagika. Hakuna aliyeinama kuuokota. Shangazi alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha Chiriku kwa mikono miwili. "Rudisha," alisema. "Rudisha nyuma. Huyo ni ndugu yangu anasema?" Wakarudisha. Shangazi alisikiliza ndugu yake akisema maneno matano, na machozi yakamtoka bila uso kubadilika. "Miezi minne nakaa naye mchana kutwa. Niliambiwa hawezi."

Chiriku hakuweza kulia. Vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi peke yake: akafungua rekodi ya juzi, na ya kabla yake, na ya wiki ile, akatafuta mahali palipoandikwa si ndege. Katika asubuhi kumi na moja, Baba alikuwa amelitaja jina lake. Kumi na moja. Kila mara Kaka alimjibu kwa upole, na kila mara akaendelea kuhesabu.

"Shangazi," alisema, "ulijua?"

"Wallahi sikujua. Nilichojua ni huyu." Alimwelekezea Fundi kidevu. "Fundi gani wa kompyuta anaingia nyumba ya watu, anatetemeka mikono? Nilikwenda kutoa dawa, nikakaa barazani na kikombe dakika kumi. Nilisema mseme yenu yaishe, Jumapili upate kutulia." Alijifuta uso kwa mtandio. "Kumbe nilikuwa nakupa ruhusa ya kuaga."

Saa saba kasoro, kufuli la geti lilisikika. Kaka aliingia na daftari za wanafunzi kwapani, chaki kwenye mkono wa shati, na akakuta baraza imejaa. Baba kwenye kiti chake, blanketi magotini. Shangazi amesimama. Mwanamume asiyemjua karibu na mlango. Na dada yake amepiga magoti mbele ya Baba, amemshika mkono ulio hai.

"Huyu ndiye fundi wa chuo?" Kaka aliuliza.

"Ndiye mimi," Fundi alisema. "Na ndiye yule wa kwenye simu."

Daftari zilishuka kwapani mpaka kiunoni. "Toka nyumbani kwetu."

"Kaka." Chiriku hakugeuka. "Mashine yangu ilikuwa dirishani."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kaka alilitazama dirisha la nyuma kupitia ukumbini, akamtazama Baba, na rangi ikamtoka usoni. Alikuwa mtu mrefu. Akawa mfupi.

"Asubuhi kumi na moja," Chiriku alisema. "Mimi niko hatua kumi, nimelala. Nikiamka unaniambia Baba anataka hivi, Baba anataka vile. Kwa nini, Kaka? Huyo Mkandarasi amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu."

"Sasa?"

"Anakaa mtaa wa pili!" Sauti ilimpasuka, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeogopa siku nyingi. "Ungekuwa mtaa wa pili. Ungekuja kila siku. Huyu anakupeleka mwisho wa dunia, na Shangazi ana kwake, atarudi. Halafu? Mimi na Baba. Mimi peke yangu alfajiri, peke yangu usiku, mpaka siku nitakayomkuta." Hakuweza kulimaliza. "Mama alifia mikononi mwangu, Chiriku. Wewe ulikuwa mdogo, ulipelekwa kwa jirani. Mimi nilikuwa hapa. Siwezi tena peke yangu. Siwezi."

Chiriku alikuwa amejiandaa kumchukia. Alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, yalikuwa na ladha ya chuma. Sasa alimtazama kaka yake akiwa na chaki kwenye shati, na akaona kwamba katika nyumba ile hakuwa amefungiwa peke yake.

"Ungeniambia hivyo," alisema. "Ungesema tu unaogopa."

"Ungebaki?"

"Sijui. Lakini ningejua ninayebaki naye ni nani."

Baba alikuwa akilia, kama kila siku. Chiriku alimgeukia. Safari hii hakumfuta machozi akanyamaza.

"Baba, unalia nini?"

Mdomo wa Baba ulihangaika. Ilikuwa mchana, saa ambayo ulimi wake ulikuwa umekwisha kulala. Alimtazama yeye, kisha macho yakasafiri kwa taabu mpaka kwa kijana aliyesimama mlangoni, yakarudi kwake, na nyusi moja ikapanda.

"Ndiyo, Baba," Chiriku alisema. "Namchagua huyu." Alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti, hata kwa Fundi mwenyewe, na lilimtoka kwa urahisi mpaka akaogopa. "Mkandarasi nitamwendea mwenyewe leo, nimwambie kwa mdomo wangu, asije Jumapili kuaibika. Lakini Jumamosi siondoki." Alimgeukia Fundi. "Umesikia? Siondoki kama mwizi. Wewe nenda kwenye kazi yako. Ukifika, kama bado unanitaka, rudi na wazee wako, mje mchana, mgonge hodi. Tutakaa sote tuone Baba tunamlea vipi."

Fundi alisogea hatua moja. "Na kama kazi haitaki kuniruhusu?"

"Hilo litakuwa lako kuamua. Langu nimeamua."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu, mbele ya watu wote, bila kujificha. "Nitarudi," alisema.

Fundi aliokota begi lake, akalitupia begani, kwa kuona kwamba hayo mengine yalikuwa ya wenyewe. Kaka alikwishageuka, anaelekea getini na daftari zake, anakwenda asikokujua, ilimradi asionekane uso.

Ndipo sauti ile ilipotoka, nzito, ikiburutwa kutoka chini kabisa. Ilimchukua Baba pumzi tatu na jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Kaa."

Wote wawili waligeuka. Macho ya Baba yalikuwa yamefumbwa kwa kazi ile, hivyo haikujulikana alikuwa anamwambia nani. Fundi alishusha begi, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Kaka alisimama kidogo zaidi, akazitazama zile daftari, akarudi, akakaa sakafuni kando ya kiti cha baba yake kama alivyokuwa akikaa utotoni. Mkono wa Baba ulio hai ulipapasa hewani, ukakipata kichwa chake, ukatulia hapo.